Lee Mingwei: msanii asiyekata uzi

Wanafunzi wangu wa sanaa za nguo wakiona picha za The Mending Project, kazi ya Lee ya kushona nguo za wageni zilizochanika, huuliza swali lilelile: msanii ametengeneza nini hasa? Meza, viti viwili, sindano, na ukuta uliojaa vibiringo vya uzi wa kila rangi. Basi.

Mimi huwarudisha kwenye alichosomea. Lee Mingwei, mzaliwa wa Taiwan mwaka 1964, alisomea nguo na ufumaji California kabla ya kuchukua shahada ya uzamili ya uchongaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1997. Mfumaji anajua kwamba mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotangulia kukazwa, peke yake haujawa nguo, na mshindio, uzi unaopitishwa kati ya nyuzi hizo, peke yake ni uzi tu. Ndivyo kazi zake zinavyojengwa. Yeye hutanda nyuzi, akazikaza, akangoja. Mshindio tunaupitisha sisi tunaoingia.

Kazi hiyo ya kushona ni ya mwaka 2009, lakini chanzo chake ni 11 Septemba 2001 New York, siku ambayo mwenzi wake, aliyekuwa akifanya kazi World Trade Center, alinusurika. Mgeni analeta nguo iliyochanika, anakaa mkabala na mshonaji, wanazungumza huku sindano ikienda. Kwa mafundi wetu wa mtaani, sifa ni kiraka kisichoonekana. Lee hufanya kinyume kabisa: uzi wake hugombana na rangi ya kitambaa, ili ujue hapa palichanika. Na akimaliza, hakati. Nguo hukunjwa na kubaki mezani, uzi wake ukiwa bado umeunganishwa na kibiringo ukutani. Nyuzi huzidi kujaa hewani hadi maonyesho yanapokwisha, na mwenye nguo hurudi kuichukua. Kwangu mimi huo ndio ufumaji wenyewe, ila hakuna kitanda cha mfumi, chombo cha kufumia.

Kuhusu Ubudha, wanaomwandika wengi huishia kusifu utulivu wake. Huo ni uvivu. Utotoni alikaa likizo za kiangazi katika monasteri ya Chan, madhehebu ambayo Wajapani huyaita Zen, na ninachokiona katika kazi zake ni nidhamu ya mwili. Tazama The Letter Writing Project, iliyoonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York, mwaka 1998. Bibi yake mzaa mama alipofariki, aliendelea kumwandikia barua kana kwamba yu hai. Kutokana na hilo akajenga vibanda vitatu vya mbao na kioo chenye ukungu: kimoja unaandika umesimama, cha pili umekaa, cha tatu umepiga magoti, mikao ya kutafakari. Unaandika shukrani, msamaha au radhi ambayo hukuwahi kuisema. Ukiifunga na kuweka anwani, makumbusho huituma. Ukiiacha wazi, wageni wengine wanaweza kuisoma. Jaribu kuomba radhi kwa maandishi ukiwa umepiga magoti, uone kama utaweza kujitetea.

Our Labyrinth ya mwaka 2015, iliyotokana na safari yake ya Myanmar, hainivuti sana. Mchezaji densi mwenye njuga miguuni hufagia mchele sakafuni polepole. Inapendeza, lakini mtazamaji hana cha kupitisha. Anabaki pembeni na simu yake. Kwa hiyo ikitokea siku ukakutana na meza ile ya kushona, nenda na nguo unayoivaa kweli, si kitambaa ulichokichana makusudi asubuhi hiyo.