Chipu ya ubongoni haisomi mawazo yote

Pale Mwanjelwa, Mbeya, watu bado wanaamini chipu ya ubongoni humsoma mtu mawazo yote na kumwendesha. Sivyo. Kifaa cha Neuralink, kampuni ya Elon Musk, kilichopandikizwa kwa binadamu mara ya kwanza Januari 2024, hunasa umeme wa seli za eneo linaloongoza mwendo. Kompyuta huutafsiri, na aliyepooza akaweza kusogeza kishale kwenye skrini.

Ninachohofia mimi ni kingine. Wiki chache baada ya upasuaji, nyuzi kadhaa za kifaa hicho zenye elektrodi, yaani vinasa umeme, zilichomoka ubongoni mwa mgonjwa huyo. Kampuni ikaja kulieleza hadharani Mei. Upasuaji wenyewe wa fuvu una hatari ya maambukizi na kuvuja damu. Na habari ya jaribio hilo Elon Musk aliitoa kwa ujumbe mfupi mtandaoni, ambao daktari hawezi kuupima.