Sera ya bahari ni nini, na kwa nini nguvu yake imo kwenye kalenda

Wengi wakisikia "sera ya bahari" hufikiria kijitabu chenye picha ya meli kwenye jalada na dibaji ya waziri. Kijitabu kweli huwapo, na mara nyingi hakisomwi. Sera yenyewe ni jumla ya maamuzi ya serikali kuhusu mambo matatu: bandari zijengwe na kuendeshwa na nani, meli ziingie na kubeba shehena kwa masharti gani, na teknolojia ipi ilazimishwe, ipi isaidiwe kwa fedha, ipi iachwe ijitafutie soko.

Hapo linazuka swali. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia, kwa wingi wa shehena, hupita baharini, na sehemu kubwa yake hubebwa na makampuni ya biashara ambayo serikali nyingi hazina hisa ndani yake. Sasa serikali inamshikaje mwenye meli aliye ng'ambo, ambaye meli yake inapita tu?

Ina mikono miwili. Wa kwanza ni bendera. Kila meli husajiliwa katika nchi fulani, na sheria za nchi hiyo huifuata popote iendapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka pawe na uhusiano wa kweli kati ya nchi na meli inayopeperusha bendera yake, lakini hausemi uhusiano huo upimwe vipi. Mwanya huo unaziwezesha Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall kuongoza kwa usajili wa meli, ilhali wenye meli wengi wako Ugiriki, China na Japani. Bendera za namna hii si zote mbovu. Baadhi zina rekodi nzuri ya usalama. Ila msajili anayeishi kwa ada za wateja wake hana haraka ya kuwakwaza.

Mkono wa pili ni bandari, na huu ndio wenye kucha. Mwaka 1978 meli ya mafuta Amoco Cadiz, yenye bendera ya Liberia, iliharibikiwa usukani na kupasukia kwenye miamba ya pwani ya Brittany, Ufaransa, ikamwaga zaidi ya tani 200,000 za mafuta ghafi. Wakazi wa pwani ile walikuwa wanalipia uzembe wa watu wasiowajua. Mwaka 1982 nchi 14 za Ulaya zikatia saini jijini Paris makubaliano ya kukagua meli za kigeni zinazoingia bandarini mwao na kupeana taarifa za ukaguzi. Mfumo huo umeigwa na kanda nyingine nyingi. Mkaguzi hupanda melini bila kujali bendera, na hata kama nchi ya bendera haijaridhia mkataba unaohusika, meli yake haipewi upendeleo. Kasoro ikiwa kubwa, meli inazuiwa. Na meli iliyozuiwa inakula fedha kila saa, kwa ada za gati, mishahara ya mabaharia na wateja wanaopiga simu kuuliza mzigo uko wapi.

Ukishaelewa hilo, utaelewa jinsi teknolojia inavyoenea baharini. Haienei kwa sababu ni nzuri. Inaenea siku kanuni inaposema: kuanzia tarehe fulani, meli isiyo nayo itapata tabu bandarini. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lenye makao London, ndilo linalopanga nyingi ya tarehe hizo, na nchi wanachama huziingiza katika sheria zao.

Chukua AIS, kifaa kinachotangaza jina la meli, mahali ilipo, mwelekeo na mwendo wake. Kilipaswa kuwamo katika meli zote za safari za kimataifa zenye ujazo wa tani 300 na zaidi kufikia mwisho wa mwaka 2004. Lengo lilikuwa meli zionane zisigongane. Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kufuatilia meli zikivuka bahari, na bei za bidhaa hukisiwa kwa kuhesabu meli za mafuta zilizotia nanga, jambo ambalo halikuwa shabaha ya kanuni ile. Sera ina tabia hiyo ya kuzaa watoto isiowatarajia.

Mfano wa salfa unaonyesha ufundi zaidi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020, kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa duniani kote kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50. Lakini katikati ya bahari kuu nani ataona nahodha anachoma nini? Ndiyo maana kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huohuo ikakatazwa hata kubeba mafuta yenye salfa zaidi ya kiwango hicho kwa matumizi ya meli, isipokuwa meli ina mtambo wa kusafisha moshi. Kosa lisiloonekana likageuzwa kosa ambalo mkaguzi anaweza kulipima gatini kwa kuchota sampuli kwenye tangi.

Pagumu zaidi ni pale teknolojia inapohitaji pande mbili kwa wakati mmoja. Meli iliyofunga gati huendelea kuwasha jenereta zake za dizeli kwa ajili ya taa, pampu na majokofu ya shehena, na moshi unawaendea wanaoishi karibu na bandari. Dawa inajulikana: chomeka meli kwenye umeme wa nchi kavu. Lakini mwenye meli anasema hawezi kufunga vifaa ghali ilhali bandari nyingi hazina soketi, na bandari nayo inasema haiwezi kujenga kituo cha umeme ilhali meli nyingi haziwezi kuchomeka. Wanategeana. Soko likiachiwa lenyewe, watategeana miaka na miaka. Umoja wa Ulaya umezifunga pande zote mbili kwa mwaka mmoja: bandari zake kubwa zitakiwe kuwa na umeme huo kufikia 2030, na meli za makontena na za abiria zitakiwe kuutumia katika bandari hizo kuanzia mwaka huo. Ukiniuliza kazi ya sera ni nini hasa, nitakuonyesha soketi hii.

Upande wa majengo hauna siri nyingi. Katika mpango ulioenea zaidi, mamlaka ya umma hubaki na ardhi, ukuta wa kuzuia mawimbi na njia ya meli, kisha hukodisha magati kwa waendeshaji binafsi wanaoleta kreni na wafanyakazi. Rotterdam huenda hivyo, na mamlaka yake inamilikiwa na jiji pamoja na serikali ya Uholanzi. Ugomvi wote umo ndani ya mkataba wa ukodishaji: miaka mingapi, ada kiasi gani, na nani alipe kina cha maji kinapopaswa kuongezwa.

Kuna mahali ambapo kalenda hulegea. Meli inapoingia bandarini, taarifa za mabaharia, abiria, shehena na afya hutakiwa na forodha, uhamiaji, afya ya bandari na mamlaka ya bandari, na zamani kila ofisi ilitaka fomu yake. Tangu tarehe 1 Januari 2024, nchi zilizo katika mkataba wa IMO wa kurahisisha usafiri wa baharini zinatakiwa kuwa na dirisha moja la kielektroniki: taarifa iwasilishwe mara moja tu, ofisi zote zisome humo. Programu za kompyuta kwa kazi hiyo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba forodha ikubali kusoma taarifa ambayo haikuipokea kwa mkono wake, na uhamiaji ukubali kwamba muhuri wake si lazima.

Na hapa aliyechelewa ni serikali yenyewe. IMO hukagua nchi wanachama, na ukaguzi huo umekuwa wa lazima tangu 2016, lakini unaishia kwenye ripoti. Meli huzuiwa gatini mpaka irekebishwe. Nchi haina gati la kuzuiliwa, kwa hiyo inawezekana mfumo ukawepo, nywila ikatolewa, na wakala wa meli bado akapanda ngazi ya meli na bahasha ya nakala tano mkononi.