Sabuni ya asili visiwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ina kostiki hii?" Mtengenezaji yeyote wa sabuni za mikono, awe na meza yake Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, ameulizwa swali hili. Na jibu linalotolewa mara nyingi ni hili: "Haina kemikali, dada, ni mimea mitupu." Muuzaji hasemi hivyo kwa ubaya. Anaogopa kumpoteza mteja, na pengine hata yeye alifundishwa hivyo. Lakini jibu si kweli, na naamini maneno ya namna hii yanaiumiza biashara yetu kuliko sabuni za viwandani zinazoshushwa bandarini. Nazi tunazo, karafuu tunazo, mwani uko pwani. Kilichobaki ni kuijua kazi na kuisema ilivyo.

"Sabuni ya asili haina kostiki"

Sabuni yote ya kweli inatokana na mafuta na alkali. Ya kipande hutumia kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi; ile laini na ya maji hutumia ndugu yake wa potasiamu. Hata anayechuja majivu ya makumbi ya nazi anatafuta alkali hiyohiyo, na kwa kuwa majivu hayo yana potasiamu nyingi, sabuni yake hubaki laini, haigandi ikawa mche.

Kostiki ikikutana na mafuta kwa kipimo sahihi, vyote viwili vinageuka. Kinachopatikana ni sabuni na glisirini, na kostiki yenyewe haipo tena. Jibu la kumpa mteja ni kwamba ilitumika kuitengeneza na sasa imekwisha.

Neno zito hapo ni "kipimo". Kila mafuta yana chake. Kilo moja ya mafuta ya nazi hulingana na gramu 183 hivi za kostiki, mawese kama gramu 141, mbarika (nyonyo) kama 128. Anayechukua kipimo cha nazi akakitumia kwenye mbarika amebakiza gramu 55 za kostiki katika kila kilo ya mafuta, na hizo zitamchoma mtu. Ndiyo maana kikombe cha chai hakifai kazi hii. Nunua mizani ya dijitali kabla hujanunua kalibu, kabla ya rangi, kabla ya kitu chochote.

Halafu kuna jambo wanalolijua wenye uzoefu: nazi tupu hutoa sabuni kali, inayokausha ngozi. Dawa yake ni kupunguza kostiki ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka. Kwa kufulia punguza asilimia 5, ubaki na gramu 174 kwa kilo. Kwa kuogea punguza asilimia 15 hadi 20, yaani tumia gramu 146 hadi 156. Mafuta ni yaleyale, sabuni ni mbili tofauti kabisa. Na nazi ina sifa isiyopatikana kwa mafuta mengine mengi: inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Kwa watu wa pwani ya mashariki, ambako visima vingi vina maji ya chumvichumvi, hilo si jambo dogo.

Usalama nitausema kwa mkato lakini usirukwe. Kostiki inatiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yataruka. Vaa glavu na miwani, fanya kazi penye upepo. Sufuria za alminiamu, zile zilizojaa majikoni mwetu, hazifai hata kidogo: kostiki inazila na kutoa gesi inayowaka. Tumia chuma cha pua au ndoo ya plastiki ngumu. Kostiki ikikurukia, suuza kwa maji mengi kwa muda mrefu. Usipake siki wala ndimu juu ya jeraha. Na usiihifadhi katu kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akiimeza, koo linaungua, na makovu yake anaweza kuishi nayo maisha yake yote. Asitapishwe, akimbizwe hospitali.

"Magadi yanafanya kazi ileile"

Hapana. Magadi ni kaboneti, alkali dhaifu. Yanasaidia kulainisha maji magumu na kung'oa mafuta kwenye nguo, lakini hayawezi kuyageuza mafuta ya nazi kuwa sabuni. Utapata uji wenye mafuta yanayoelea.

"Nikitia mchaichai kwenye sabuni ya maji, ni ya asili"

Sabuni ya maji inayofundishwa kwenye semina nyingi za ujasiriamali hutengenezwa kwa salfoniki na ungarol (visafishaji vya kiwandani vinavyotoa povu), chumvi, rangi, pafyumu na fomalini ya kuzuia kuoza. Inasafisha, ni rahisi, na familia nyingi zinaendesha maisha kwa hiyo. Siisemi vibaya. Ila majani ya mchaichai juu ya salfoniki hayaibadilishi asili yake, na kuiandika "ya mimea" ni kumdanganya mnunuzi. Ukitaka sabuni ya maji itokayo kwenye mafuta ya nazi, pika kwa potasiamu haidroksaidi mpaka upate rojo zito, kisha lizimue kwa maji. Gharama yake ni kubwa zaidi, na bei yake lazima iwe kubwa zaidi. Uza zote mbili ukipenda, kila moja na lebo yake.

"Karafuu zikizidi ndiyo sabuni inazidi ubora"

Hapa Pemba hili linaaminiwa sana, na ninaelewa kwa nini. Karafuu ndiyo jina letu duniani.

Mafuta ya karafuu yana eujenoli kwa wingi mno: ya karafuu zenyewe mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90, na ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huweza kupita hapo. Eujenoli ndiyo harufu, ndiyo pia ile ganzi unayoisikia ukitafuna karafuu jino likiuma. Kwenye ngozi, ikizidi, inawasha na kuchoma, na kwa watu wengine inaleta mzio. Gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya mafuta zinatosha kabisa.

La pili wengi hulijua wakiwa wameshika mwiko. Mchanganyiko wa mafuta na kostiki huwa mwepesi kama maziwa, kisha polepole unakuwa mzito kama uji, na hapo unamimina. Tia mafuta ya karafuu mchanganyiko ukiwa bado wa moto, hasa kama unatumia blenda ya mkono, na huo uji unakamata ghafla. Mwiko unasimama katikati ya ndoo, pembeni kunachungulia mafuta yasiyochanganyika, na kalibu ziko palepale tupu. Ili kulikwepa hilo, acha vyote vipoe mpaka vuguvugu, yachanganye mafuta ya karafuu na mafuta ya nazi kidogo kwanza, yatie mwisho, koroga kwa mkono, mimina mara moja. Na ukubali rangi: sabuni ya karafuu hugeuka kahawia. Haijaharibika.

Mafuta ya makonyo hukenekwa (hutolewa kwa mvuke) kisiwani humuhumu, kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kilicho chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, nacho hukeneka pia mafuta ya majani kama mchaichai na mkaratusi. Kwa mtengenezaji mdogo, kununua mafuta yaliyokwisha kukenekwa ni nafuu na ni salama kuliko kuhangaika na karafuu kavu, ambazo mnunuzi wake kisheria ni ZSTC.

Maua ni hadithi nyingine. Asumini, kilua, langilangi: harufu ya maua yenyewe mabichi haivumilii kostiki. Maua mabichi yakitiwa kwenye mchanganyiko huishia kuwa vijiti vyeusi ndani ya kipande, na harufu hakuna. Manjano nayo huwa mekundu yakikutana na alkali, kisha hupauka juani. Singo na liwa, vipodozi vya kujisugua mwilini, abaki nazo bibi harusi. Huko ndiko zinakong'aa.

"Sabuni ya mwani imetengenezwa kwa mwani"

Mwani hauna mafuta ya kutosha kufanya sabuni. Sabuni ni ya nazi au mawese. Mwani ni nyongeza, unaokaushwa, ukasagwa na kutiwa kama unga. Unaongeza utelezi kidogo na kusugua ngozi kwa upole. Thamani yake kubwa naiona kwingine. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na walioibeba kazi hiyo migongoni tangu hapo ni wanawake zaidi. Mwani mkavu unaosafirishwa nje kama malighafi huwaachia fedha kidogo mno kwa saa wanazokaa majini, jua kichwani. Mama huyohuyo akiusaga akautia kwenye sabuni, anauza kitu kilichomalizika, kwa bei anayoipanga yeye. Hiyo ni sababu nzuri ya kutosha ya kununua sabuni ya mwani, haihitaji kuongezewa maajabu.

"Ya mwarobaini inatibu fangasi, ukurutu na chunusi"

Sabuni hukaa mwilini dakika moja au mbili, kisha inasuuzwa. Ukiandika kwenye lebo kwamba inatibu, umeingia kwenye dawa, na dawa zina sheria zake. Zanzibar chakula, dawa na vipodozi viko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa, na ni heri ukawaendee mwenyewe kabla wao hawajakujia. Vivyo hivyo "inafukuza mbu": harufu ya mchaichai inapaa haraka baada ya kuoga. Mwambie mteja alale kwenye chandarua.

Wala sabuni yako haihitaji neno "inaua bakteria" ili iheshimiwe. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa viambato 19, triklosani kimojawapo, kwenye sabuni za kuua vijidudu zinazouzwa kwa watu wa kawaida, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinazidi sabuni ya kawaida na maji. Sabuni inanyanyua mafuta na uchafu pamoja na vijidudu, maji yanaviondoa. Visiwa vilivyowahi kuzika watu wa kipindupindu vinahitaji kuambiwa hilo tu, waziwazi: nawa kwa sabuni, yoyote.

"Siki na soda ya kuokea ukizichanganya ndiyo kisafishaji kikali"

Povu linavutia macho, lakini ni gesi tu inayotoka huku asidi na alkali zikiuana. Kinachobaki kwenye chupa ni karibu maji ya chumvi dhaifu. Tumia kimoja kimoja: soda kusugua masizi na mafuta ya jikoni, siki kuondoa ukoko mweupe wa maji magumu kwenye birika na bomba.

Ndimu na ukwaju navyo vina mahali pake. Vifundo vya shaba vya milango yetu na sinia za bibi hung'aa kwa ukwaju au ndimu na chumvi kidogo, kwa sababu asidi inayeyusha kutu ya shaba. Asidi hiyohiyo ikigusa chokaa, inaila. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, na sakafu nyingi za zamani zina saruji na vipande vya marumaru. Anayeuza "kisafishaji cha ndimu kwa kila kitu" atamharibia mtu sakafu isiyofanyizika tena. Kwa sakafu hizo uza sabuni ya nazi iliyozimuliwa, basi.

Na choo cha nyumba yenye mgonjwa wa kuhara kisafishwe kwa jiki. Siki na mafuta ya karafuu havitoshi, na mafuta ya karafuu hata kuchanganyika na maji hayakubali, yanaelea juu. Jiki isichanganywe na siki wala ndimu: hutoa gesi ya klorini, ambayo chooni mlango ukiwa umefungwa inamwangusha mtu.

"Malighafi iko uani, kwa hiyo yote ni faida"

Mchaichai uko uani, kweli. Mafuta hayako uani, na ndiyo gharama kubwa. Chukua kilo 1 ya mafuta ya nazi, gramu 174 za kostiki, gramu 350 za maji: umepata kama kilo moja na nusu ya sabuni mbichi, vipande 15 vya gramu 100. Ikikaa wiki 4 hadi 6 kukauka, kila kipande kinapungua, mara nyingi kwa sehemu ya kumi au zaidi. Aliyeandika "gramu 100" siku ya kukata anauza gramu 90 au chini, na hoteli yenye mizani itamrudishia mzigo. Pima siku ya kufunga.

Kwenye hesabu tia kostiki, kuni au gesi, kifungashio, nauli ya boti ukipeleka Unguja, na mikono yako mwenyewe. Wengi husahau mikono, kisha wanashangaa kwa nini wanauza kila siku na mfuko mtupu. Tia pia usajili wa jina kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara, na upimaji wa ZBS, ambayo ndiyo taasisi ya viwango kwa Zanzibar. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku tangu 2006. Karatasi au kikapu kidogo cha ukili kinapendeza zaidi na kinaiacha sabuni ipumue.

Kupumua huko kunahitajika, maana glisirini inayobaki ndani ya sabuni za mikono huvuta unyevu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, vipande hutoka jasho na vilivyofungwa kabla ya wakati huota ukungu kwenye karatasi. Vipange kwenye chanja, si sakafuni, vigeuze kila baada ya siku kadhaa, na uvipe wiki mbili za ziada. Mahoteli huwa na wageni wachache miezi hiyo. Sabuni iliyomiminwa Aprili inakuwa tayari Juni, wanapoanza kurudi.