Kigari cha gofu kikigoma kuchaji, pima betri moja moja

Kigari cha gofu cha umeme kikianza kuchoka katikati ya safari kilizozizoea, wengi hukimbilia kununua betri mpya zote. Wengine huilaumu chaja. Katika karakana tunayofundishia, mwanafunzi haruhusiwi kutaja ugonjwa kabla hajapima kila betri peke yake na kuandika namba zake kwenye karatasi.

Sababu ni namna betri zilivyofungwa. Kigari cha volti 48 huwa na betri sita za volti 8, au nane za volti 6, au nne za volti 12, zimeungwa kwa mfuatano: hasi ya hii kwa chanya ya ile. Umeme uleule hupita katika zote, kwa hiyo moja ikidhoofika, nzima haziwezi kuibeba. Ukipima jumla pekee, mgonjwa anajificha nyuma ya wenzake.

Chaji hadi chaja ijizime yenyewe, ichomoe, kisha kiache kigari kitulie saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya kuchomoa utapata namba kubwa za kudanganya. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kutulia huonyesha karibu volti 12.7 kwa ile ya 12, karibu 8.5 kwa ile ya 8, na karibu 6.4 kwa ile ya 6. Jumla yake katika kigari cha 48 ni karibu 51. Hapo ndipo watu wengi hushangaa: mita ya volti ikisoma 48 kamili, wao hufurahi, kumbe chaji imeshuka chini ya nusu.

Namba za kutulia hazitoshi. Endesha kigari mpaka kianze kulegea, simama, pima tena papo hapo. Katika kigari cha betri sita za volti 8, tano zikisoma karibu 8 na ya sita ikasoma 6, umeipata: seli moja (chumba kimoja cha ndani ya betri) imekufa, maana kila seli huchangia volti 2 na ushei. Mwenye haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, athibitishe. Seli iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280, tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya seli na seli ni dalili mbaya.

Sasa tuje kwenye lalamiko tunalolisikia zaidi: "Chaja haiwaki kabisa." Mara nyingi chaja ni nzima. Chaja nyingi za kujiendesha hupima kwanza volti za betri, na zikiwa chini mno hukataa kuanza. Kigari kilichoachwa miezi bila kuchajiwa huangukia hapo. Dawa yake ni chaja ndogo ya volti zinazolingana na betri moja, uchaji betri moja baada ya nyingine mpaka jumla ipande, ndipo uirudishe chaja kubwa. Lakini betri iliyokaa tupu muda mrefu huota fuwele ngumu za salfeti kwenye mabamba yake, na si zote hurudi. Chaja ikinguruma bila kupeleka umeme, kagua fyuzi na plagi yake kwanza. Dayodi zilizoungua, vile vipande vya ndani ya chaja vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ni kazi ya fundi.

Usidharau vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani na nati iliyolegea huzuia umeme, na kebo hupata moto mpaka risasi ya kichwa huyeyuka. Safisha kwa maji yenye bikabonati ya soda, vifuniko vikiwa vimefungwa ili isiingie ndani ikaua asidi.

Maji yana utaratibu wake. Ongeza yaliyokenekwa tu, kamwe si asidi, na uongeze baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa kuchaji. Ukijaza kabla, kitafurika. Mabamba yakiwa wazi, yafunike kidogo kwanza, chaji, halafu malizia.

Kabla ya yote hayo, vua pete na saa, vaa miwani na glavu, weka swichi kwenye nafasi ya kuvutwa (Tow) kama kigari chako kinayo. Betri zinazochaji hutoa hidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja itatoa cheche hiyohiyo unayoiogopa. Nimeona spana iliyoungana na betri, haikutumika tena.

Ukishaipata mbovu, je, ubadilishe moja? Kama zingine bado changa na namba zake zinakaribiana, ndiyo, ya aina na ukubwa uleule. Kama zote zimechakaa, usiweke mpya katikati ya wazee: itavutwa chini upesi, na fedha yako pamoja nayo.

Vigari vya betri za lithiamu havifuati haya yote. Mita ikisoma sifuri, huenda kidhibiti cha ndani kimejifunga ili kuilinda, na chaja yake halali ndiyo huiamsha. Usiichaji kwa chaja ya risasi na asidi. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi kidhibiti hicho kwa kawaida hukataa chaji. Isogeze penye joto, subiri, ujaribu tena.