“Bado, Nisubiri Kwanza Nijengeke”: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Mwili na Kushindana Kunyanyua Vyuma

Kila jimu niliyopita nimemkuta mtu huyu. Akiingia tu anapanda mizani, anashuka amenuna. Ukimwambia mwezi ujao kuna mashindano ya wasio wa kulipwa, anajibu, “Bado, nisubiri kwanza nijengeke.” Mwaka unaisha, mwingine unaanza, na jibu ni lilelile. Kwa macho yangu, kununa na kusubiri kwake vina chanzo kimoja: hajui anapima nini.

“Mizani haijasogea, kwa hiyo sijabadilika.”

Mizani haipimi mafuta, wala haipimi msuli. Inapima vyote kwa mkupuo mmoja, pamoja na mifupa, maji na chakula ambacho bado kimo tumboni. Wanga unaokula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hushika takriban gramu 3 za maji. Mtu aliyekula pilau ya harusi Jumamosi usiku anaweza kuamka Jumapili amezidi kilo moja au mbili, na mafuta ya mwilini yakawa hayajaongezeka kiasi cha kuonekana. Chumvi nayo huvuta maji. Anayeanza kutumia kreatini, kile kirutubisho cha unga cha watu wa jimu, anaweza kupanda kilo moja siku za mwanzo, na ni maji yaliyoingia kwenye misuli. Wanawake wengi huongezeka uzito siku chache kabla ya hedhi, ndiyo maana namshauri mwanamke alinganishe wiki fulani ya mzunguko huu na wiki hiyohiyo ya mzunguko uliopita. Nimeona dada wamejinyima chakula kwa sababu ya kilo iliyoondoka yenyewe siku nne baadaye, na iliniuma.

Panda mizani asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, na uiweke juu ya sakafu ngumu, si kwenye zulia. Andika namba uiache hapohapo. Wiki ikiisha, jumlisha siku zote 7 ugawanye kwa 7. Tuseme umepata 78.4, 79.1, 78.0, 78.9, 78.2, 77.8 na 78.3. Wastani ni 78.4, na ndio utakaoulinganisha na wa wiki ijayo. Ile 79.1 iliyokuharibia Jumanne yako haina habari yoyote ya maana peke yake.

Halafu chukua futi kamba ya fundi cherehani. Zungushia kiuno usawa wa kitovu, ukishatoa pumzi ya kawaida, bila kubana tumbo. Pima na paja na mkono, sehemu ileile kila mara. Uzito ukisimama palepale mwezi mzima huku kiuno kimepungua sentimita 3 na chuma unachonyanyua kimepanda, mwili unabadilika: mafuta yanatoka, msuli unaingia. Kwa anayeanza hilo ni jambo la kawaida kabisa.

“Ile mizani ya umeme inajua asilimia ya mafuta yangu.”

Inakisia. Hupitisha umeme mdogo sana mwilini na kukadiria kutokana na jinsi unavyopita, na maji ndiyo yanayoupitisha. Ukiwa umekunywa chupa mbili, au umetoka jasho la saa nzima, jibu linabadilika.

“Picha haidanganyi.”

Mwanga wa pembeni huchora misuli. Mwanga wa mbele huifuta. Picha iliyopigwa mara tu baada ya mazoezi, damu ikiwa imejaa kwenye misuli, haiwezi kulinganishwa na ya asubuhi ulipoamka. Tumia dirisha moja, saa moja, simu ikiwa umbali uleule, na ukae kila wiki 4 kabla ya kupiga nyingine.

“Nguvu zimepanda haraka, basi misuli imekua haraka.”

Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo: skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, imepanda kilo 20 ndani ya wiki 6, lakini kioo hakionyeshi chochote. Mwaka 1979 watafiti Moritani na deVries walionyesha kwamba nguvu za wiki za mwanzo hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu. Ubongo unajifunza kuiamsha misuli uliyonayo tayari. Kukua kwa msuli wenyewe huchukua nafasi kubwa baadaye. Kioo kuchelewa hakumaanishi umepoteza muda, na kunanipa sababu nyingine ya kuamini kwamba namba iliyo kwenye chuma, ukiibeba kwa mtindo uleule kila mara, ni kipimo kizuri kuliko macho yako.

Na hakuna mahali inapopimwa kwa uaminifu kuliko jukwaani.

“Mashindano ni ya majitu.”

Mchezo ninaouzungumzia ni pawalifti: skwati, benchi (kusukuma chuma kutoka kifuani ukiwa umelala chali) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima). Kila mtu hupewa majaribio matatu kwa kila mtindo, kisha uzito mkubwa aliofanikiwa katika kila mmoja hujumlishwa. Shirikisho la kimataifa, IPF, lilianzishwa mwaka 1972. Katika madaraja yake ya uzito ya sasa, kwa watu wazima, wanawake huanzia kilo 47 na wanaume kilo 59, kwa hiyo mwembamba hapambanishwi na mtu wa kilo 120. Kwa umri, mlango unafunguliwa kuanzia miaka 14, na wenye miaka 40 na kuendelea wana makundi yao, hadi la waliotimiza 70. Watu wenye ulemavu nao wana mchezo wao wa benchi pekee: Hellen Wawira wa Kenya alitwaa shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, kwenye daraja la wepesi.

“Nikiiweza jimu, nitaiweza jukwaani.”

Si lazima. Jukwaani kuna waamuzi watatu, kila mmoja huwasha taa nyeupe akikubali au nyekundu akikataa, na unahitaji taa nyeupe mbili. Kwenye skwati, uso wa juu wa paja penye kiungo cha nyonga lazima ushuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Skwati nyingi za jimu haziendi huko, na mwenzako anayekushangilia hatakwambia. Kisha kuna amri. Skwati ina “Squat” ya kuanza na “Rack” ya kurudisha chuma kwenye stendi. Benchi ina tatu: “Start”, kisha “Press” chuma kikiwa kimetulia kifuani, kisha “Rack”. Dedilifti ina moja tu, “Down”, ukiwa umesimama wima na magoti yamenyooka.

Mara yangu ya kwanza nilinyanyuka na skwati nzuri, nikapiga hatua kuelekea stendi kabla ya kuambiwa. Taa tatu nyekundu. Nguvu zilikuwepo, nilikuwa sijafanya mazoezi ya kusubiri. Tangu hapo, wiki 4 kabla ya shindano mwenzangu hunitamkia amri kwa sauti kwenye kila seti nzito, naye huchungulia nyonga zangu kutoka pembeni.

Jaribio la kwanza lichague kwa unyenyekevu: uzito ambao unaweza kuurudia mara tatu hata ukiwa na siku mbaya. Ukishaanza na uzito huo huruhusiwi kushuka, unarudia uleule au unapanda. Ukikosa yote matatu katika mtindo mmoja, huna jumla, hata kama mitindo mingine uliinyanyua vizuri.

“Lazima nijikaushe niingie daraja la chini.”

Tafadhali usifanye hivyo, hasa mara ya kwanza. Chini ya kanuni za IPF kupimwa uzito huanza saa mbili tu kabla ya shindano, muda mdogo wa kurudisha maji uliyoyatoa. Kuacha kunywa, kukaa kwenye joto kali, kumeza vidonge vya kukojoza: hayo huumiza figo na moyo, na watu wamewahi kufa kwa kujikausha michezoni. Shindana kwa uzito uliouamkia. Kwa mgeni wa jukwaa, daraja halibadilishi chochote.

“Bila sindano za kukuza misuli hakuna kitu.”

IPF hufuata kanuni za shirika la kimataifa la kupinga dawa michezoni, WADA, na wachezaji wake hupimwa. Ogopa pia kopo la unga wa kujenga misuli lisiloeleza kilichomo, maana kikikutwa mwilini mwako kitu kilichokatazwa, anayewajibika ni wewe.

Basi ukishaona tangazo, mpigie mwandalizi umuulize mambo matatu: kanuni za shirikisho gani zinatumika, kupima uzito ni saa ngapi, na mavazi gani yanatakiwa. Mara nyingi utaambiwa singleti, vazi la kipande kimoja linalobana mwili, na soksi ndefu za dedilifti, zinazozuia damu ya muundi isibaki kwenye chuma cha anayekufuata. Beba kitambulisho, ndizi, maji, na daftari lako. Jioni utaandika humo jumla yako ya kwanza, pembeni ya uzito wa asubuhi na kipimo cha kiuno.