Chuo kikubwa si lazima kiwe chuo kikuu

Katika msiba mmoja huko Nyegezi, msomaji wa wasifu alitutangazia kwamba marehemu "alihitimu chuo kikuu hapa hapa Mwanza mwaka 1972". Cheti cha mzee yule nakifahamu. Ni cha uhasibu, kimetundikwa sebuleni kwake juu ya redio, karatasi imeanza kuwa ya njano pembeni, na hakuna mahali kinapotaja chuo kikuu. Kisingeweza kutaja, kwa kuwa mwaka ule nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam, ambacho nacho kilipata hadhi hiyo mwaka 1970, baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kisha cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Chuo kikuu ni taasisi iliyoidhinishwa kisheria kufundisha elimu ya juu, kufanya utafiti na kutunuku shahada kwa jina lake yenyewe. Maana ni hiyo.

Kinachotupoteza ni neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo kilikuwa kitabu. Mtoto aliyekwenda chuoni alikwenda penye msahafu, akakaa mkekani mbele ya mwalimu, na aliyebobea akaitwa mwanachuoni, jina ambalo hadi leo ni la mtu aliyezama katika elimu, hasa ya dini, wala si la kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye ni mwanachuo. Shule, neno tulilolipata kwa Wajerumani, lilikuja baadaye likashika madarasa ya watoto, na chuo kikaendelea kutaja mahali pa kujifunzia ualimu, uuguzi na ufundi. Kwa hiyo Butimba, kilicho chuo cha ualimu, ni chuo kamili bila kuongezewa neno lolote.

Nalo "kikuu" halitaji ukubwa, linataja cheo, kama katika katibu mkuu au makao makuu. Chuo chaweza kuwa na mabweni mengi na wanachuo maelfu kikawa kikubwa, kisiwe kikuu.

Historia ya Malimbe, eneo la Nyegezi hapa Mwanza, inalionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1960 wamisionari wa Kikatoliki walianzisha Nyegezi taasisi ya mafunzo ya jamii, na ni pale pale, mwaka 1998, kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Ardhi ni ile ile, hadhi ni nyingine, na hadhi hiyo hairudi nyuma kuwafunika waliohitimu kabla yake. Bugando nako, chuo cha afya kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kikuu kishiriki cha SAUT, yaani chenye uongozi wake lakini shahada zikitolewa kwa jina la chuo mama. Leo ni chuo kikuu kinachojitegemea. Anayekiita tawi la SAUT anakosea mara mbili, maana hata wakati ule hakikuwa tawi.

Basi, ndugu mnaoandika wasifu wa wazee wetu, kishusheni cheti ukutani mnakili jina la chuo kama lilivyoandikwa pale. Yule mzee alisomea uhasibu Nyegezi, katika taasisi ya mafunzo ya jamii, na hivyo ndivyo ilivyofaa kusomwa mbele ya jeneza lake.