Cheti cha waifai: maana yake, na kipi cha kuanza nacho

Cheti cha mtandao usiotumia waya huthibitisha kwamba mwenye nacho amefaulu mtihani wa mawimbi ya redio: yanavyosafiri, yanavyozuiwa, yanavyogongana. Kufunga ruta na kuweka nywila ni jambo jingine. Hilo hata muuza simu wa Darajani analiweza.

Viko vya namna mbili. Vya kwanza havifungamani na mtengenezaji yeyote, na mashuhuri ni CWNA, cheti cha msingi cha CWNP, shirika la vyeti vya waifai: maswali 60, dakika 90, kufaulu ni asilimia 70, na hudumu miaka 3. Juu yake kuna CWSP cha usalama, CWDP cha usanifu na CWAP cha uchambuzi, kisha CWNE, cha juu kabisa. Vya pili ni vya watengenezaji, kama Cisco. Hapa wengi hunaswa na orodha kongwe: CCNA Wireless iliondolewa Februari 2020, na misingi ya waifai sasa imo ndani ya CCNA ya kawaida, cheti cha Cisco cha misingi ya mitandao.

Anayetaka kazi za hoteli Unguja atafaidika na CWNA. Chukua nyumba ya Mji Mkongwe iliyogeuzwa hoteli, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Akses pointi, yaani kifaa kinachorusha waifai, iko ukumbini, wageni wa vyumbani wanalalamika, fundi anapandisha nguvu kutoka dBm 20 hadi 23, yaani miliwati 100 kuwa 200. Simu sasa inaonyesha mistari mingi, na intaneti haiendi vilevile: akses pointi inasikika chumbani, lakini simu, yenye nguvu ndogo, haisikiki ukumbini. Dawa ni kuongeza akses pointi karibu na vyumba, kila moja kwa nguvu ya chini. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 zigawane chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Ukiweka 3 unazivuruga 1 na 6 kwa pamoja. Kwenye mabanda ya makuti ya Paje shida hugeuka: hakuna ukuta wa maana, akses pointi zinasikiana mno na kungojeana zamu.

Hata hivyo, kwa asiye na msingi ningeanza na CCNA, maana malalamiko mengi ya waifai hayatoki hewani. Mtandao wa /24 (alama ya ukubwa wa mtandao) una anwani 254 za kupewa vifaa. Hoteli ikijaa, kila mgeni na simu na kompyuta yake, na DHCP, huduma inayogawa anwani hizo, ikizikodisha kwa saa 24, za walioondoka asubuhi bado zimeshikwa. Mgeni wa mchana anaunganika asipate intaneti. Punguza muda uwe saa chache, au panua mtandao. Hakuna antena itakayotibu hilo.

Cheti cha waifai cha mtengenezaji kisubiri mpaka ujue mwajiri ana vifaa gani. Tazama nembo kwenye dari zake kabla hujalipia mtihani.